Darasa la Jumamosi na Chumba cha Kuogeshea: Mwaka Mmoja na Duka la Mbwa Jijini Nairobi

Shaba aliingia nyumbani kwetu mwezi wa Februari mwaka jana kutoka makao ya wanyama ya KSPCA, shirika la kulinda wanyama, kule Karen, akiwa na umri wa miezi kumi hivi kwa makadirio ya daktari aliyemtazama meno. Mama yake ni mbwa wa kienyeji. Baba hajulikani, ila kwa kuangalia masikio na mgongo lazima alikuwa German Shepherd au mtu wa ukoo huo. Ana manyoya ya tabaka mbili: marefu ya juu, yenye rangi iliyompa jina, na mengine mafupi, laini kama sufi, yaliyojificha chini yake. Nalitaja tabaka hilo la chini mapema kwa sababu litarudi katika malalamiko yangu.

Hatukuwahi kufuga mbwa wa ndani. Nyumbani kwa wazazi wangu mbwa alikuwa mlinzi. Alilala nje, alikula ugali uliobaki, na kuogeshwa kwake kulikuwa ni mvua. Kwa hiyo tulipomwona Shaba anavuta kamba hadi anakohoa, anamrukia kila mgeni kifuani, na ananuka kama gunia lililoloa, tuliona ni heri tutafute msaada wa kulipia. Duka nililolichagua limo katika jengo la maduka upande wa magharibi wa jiji. Mbele huuza magunia ya chakula, vitanda, mikufu na mchanga wa paka. Upande wa kushoto kuna chumba cha kuogeshea na kunyolea. Na nyuma, ukipita mlango wa stoo, kuna kiwanja kidogo cha nyasi kilichozungushiwa wavu, ambako darasa la mafunzo hufanyika kila Jumamosi asubuhi. Sitalitaja jina la duka, kwa kuwa walionikosea humo ni watu wawili na walionifaa ni wawili pia, na jina lingewatia wote kapu moja.

Huduma hizo mbili huuzwa pamoja au mbalimbali. Mafunzo ya majuma sita, saa moja kila Jumamosi, yalikuwa Sh 12,000. Kuogesha, kuchana manyoya, kusafisha masikio na kukata kucha kulikuwa Sh 3,000 kwa mara moja, kwa mbwa wa ukubwa wa Shaba. Nilipewa kifurushi cha masomo sita na maosho matatu kwa Sh 19,500, yaani nimepunguziwa Sh 1,500, nikalipa kwa M-Pesa papo hapo mbele ya kaunta nikijiona mjanja. Mke wangu alinikumbusha kwamba yeye husukwa kwa nusu ya bei ya osho moja, tena hupewa chai. Gharama ambayo sikuipigia hesabu ni ya usafiri, maana matatu haimchukui mbwa wa kilo ishirini na tano, na dereva wa teksi ya simu mara nyingi hughairi akishamwona. Mmoja alishuka akanieleza kwa upole kabisa kwamba mate ya mbwa yangemlazimu aoshe kiti mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo apate utulivu wa kusali. Nilimwelewa, nikamlipa nauli ya kufika, na tangu siku hiyo hubeba shuka kuukuu na kumwarifu dereva kabla hajatoka alipo.

Nianze na darasa, kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki.

Somo la kwanza tuliambiwa tuje bila mbwa. Tulikuwa wenye mbwa sita: wawili wa Japanese Spitz, ambao siku hizi huwezi kupita mtaa wa Nairobi usiwasikie, mmoja wa Boerboel, mmoja wa Rottweiler, mmoja wa Maltese, na mimi. Mwalimu ni mzee mwembamba aliyestaafu kutoka kikosi cha mbwa cha polisi, na jambo la kwanza alilolifanya ni kukusanya kadi za chanjo na kuzisoma moja baada ya nyingine huku amevaa miwani, ya kichaa cha mbwa kwanza, kisha ya parvo na ya distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Mwenye Maltese, ambaye kadi yake ilikuwa na chanjo ya kichaa peke yake, aliambiwa aje baada ya kukamilisha, na hakuna kubembelezana kulikosaidia. Mwalimu alisema kwamba Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa watu kufa kwa kichaa kinachoenezwa na mbwa, na kwamba yeye hataki kuwa miongoni mwa watakaoulizwa. Muda uliobaki alitufundisha sisi, si mbwa: namna ya kusimama, namna ya kushika kamba ikiwa imelegea kama herufi U, namna ya kutoa zawadi mkono ukiwa chini badala ya juu, kwa sababu mkono wa juu ndio unaomfundisha mbwa kuruka.

Huwaita wenye mbwa kwa majina ya mbwa wao, kama vile mtu anavyoitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa hiyo nilikuwa Baba Shaba, na mwenzangu wa Boerboel, mwanasheria wa heshima zake, alikuwa Mama Tembo kwa majuma yote sita.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa la lugha. Mimi nilikuwa nimejifunza kutoka kwenye video, nikawa namwambia Shaba “sit”, mke wangu alisema “kaa”, dada anayetusaidia nyumbani alisema “keti”, na mlinzi wa getini alisema “kaa chini, wewe!” huku amenyoosha rungu. Mwalimu alitusikiliza mimi na mke wangu tukipishana, akacheka.

“Baba Shaba, mbwa huyu hana ubishi,” alisema. “Ni nyumba yenu ndiyo haijakubaliana.”

Tukapewa kazi ya nyumbani ya kuandika maneno kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jikoni. “Kaa” likakataliwa, kwa sababu ni neno tunalolitumia kutwa bila kumhusu mbwa: tunakaa wapi, kaa kidogo, kaa la moto, na neno ambalo mbwa hulisikia mara hamsini kwa siku bila lolote kutokea huwa kwake ni kelele tu. “Keti” likapita, maana ni fupi na lina sauti kali za k na t. Kilichonishangaza zaidi ni “njoo” na “ngoja”. Nilikuwa nikimwita Shaba kutoka mwisho wa kiwanja, naye alikuwa akija mbio, anafika katikati, anasimama, ananitazama kama mtu aliyeagizwa vitu viwili kwa mpigo. Mwalimu aliniambia niyaseme maneno hayo mawili taratibu nikiwa nimefumba macho. Yote mawili huanza kwa mvumo wa pua, yote yana o, yote yana j. Kwa masikio yaliyo mita ishirini mbali, katikati ya upepo na honi, ni neno moja lililokatwa mahali tofauti. Tukaliondoa “ngoja”, tukaweka “tulia”, na Jumamosi iliyofuata Shaba alikuja hadi miguuni pangu bila kusita. Sijapata kusoma jambo hilo katika maelezo yoyote ya kufundisha mbwa, kwa sababu mengi huandikwa na watu ambao hawamwambii mbwa njoo.

Zawadi zilikuwa maini ya kuchemsha yaliyokatwa madogo kama punje za mahindi, au omena wakavu, ambao Mwalimu huwapendelea kwa sababu hawahitaji kupikwa na harufu yao huvuka barabara. Dukani waliuza kidude cha kubofya kwa Sh 450, kile kinachotoa mlio wa kumjulisha mbwa kwamba tendo alilolifanya sasa hivi ndilo lililomletea zawadi. Mwalimu alitunong’oneza, mhudumu akiwa hayupo, kwamba mlio wa ulimi unatosha maadamu utoke papo hapo, si baada ya mbwa kuinuka. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba katika ujana wake alifundisha kwa mnyororo unaobana koo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa yeye, na kwamba mbwa wale walitii, lakini ukiuvua mnyororo unamwona mbwa mwingine kabisa. Hakuendelea, nasi hatukumuuliza.

Katika somo la tatu tulifundisha “mkono”. Nilidhani ni mchezo wa kuwafurahisha wageni, nikaanza kupiga picha. Mwalimu alinirekebisha: mbwa anayetoa mguu kwa hiari ni mbwa ambaye daktari anaweza kumtazama, ambaye mwiba unaweza kutolewa, ambaye kucha zake zinaweza kukatwa bila watu watatu kumlalia. Shaba alilielewa jambo hilo upesi kuliko mbwa wote wa darasa. Kufikia Jumatano alikuwa ananipa mguu wa kulia hata kabla sijamaliza kusema, na akimwona mke wangu amekaa anakuja kumwekea mguu gotini kama mtu anayedai deni.

Osho la kwanza lilifanyika siku chache baada ya somo la pili, na sina neno baya juu yake. Alipokewa na binti mmoja mtulivu aliyechuchumaa kwanza akamwacha Shaba amnuse, akampapasa kifua badala ya kichwa, kisha akaniuliza mambo ambayo sikutegemea kuulizwa: kama anaogopa maji, kama ana kidonda, kama ana sehemu asiyopenda kuguswa. Maji yalikuwa vuguvugu, masikio yalizibwa kwa pamba, na manyoya yalichanwa kabla ya kuloweshwa, jambo ambalo wengi hulikosea, kwa kuwa fundo likishalowa hukaza. Shaba alitoka anang’aa, anarusha miguu, tukapita naye mbele ya rafu za chakula watu wakimwangalia. Nilimpa binti yule bakshishi ya Sh 200 na kuapa kwamba sitahangaika tena na beseni nyumbani.

Osho la pili lilikuwa Aprili, Jumatano ya kuelekea Pasaka, na hapo ndipo ninapokuja kwenye sababu ya kuandika.

Binti yule hakuwapo. Kulikuwa na vijana wawili na foleni ya mbwa saba, na niliambiwa nimwache Shaba nirudi baada ya saa tatu. Nilimkabidhi, nikaandika namba ya simu. Hakuna aliyeniuliza kadi ya chanjo, jambo ambalo lilinigonga kichwani nikiwa nimekwisha kufika barabarani: nyuma ya duka hilohilo mzee mmoja alikuwa amemrudisha mteja nyumbani kwa ajili ya kadi, na huku mbele meza moja na taulo moja zilikuwa zikipokea mbwa wa kila mtaa, ilhali virusi vya parvo huweza kukaa miezi mingi mahali palipochafuliwa na haviondoki kwa sabuni ya kawaida.

Niliporudi, nilimkuta Shaba ndani ya kizimba cha waya, draya imeelekezwa kwake kutoka upande mmoja, hakuna mtu karibu. Alikuwa anahema mdomo wazi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na mbwa aliyefungiwa mbele ya hewa ya moto hana pa kuukimbilia ubaridi. Kwa mbwa wa pua fupi, kama Pug au Bulldog, jambo hilo linaweza kuua. Nilifungua mwenyewe. Ndipo nilipoona mengine mawili. Kwanza, ubavu na tumbo vilikuwa vimenyolewa hadi ngozi ya waridi kuonekana, ingawa karatasi niliyoitia sahihi ilisema kuchana tu. Pili, manyoya ya mguu wa mbele wa kulia yalikuwa yameshikamana kwa damu iliyoanza kukauka.

Kijana alinieleza kwamba manyoya amempunguza “kwa ajili ya joto, mzee”. Ilikuwa Aprili, Nairobi, masika yamepamba moto, na nje mvua ilikuwa ikinyesha kiasi kwamba sote wawili tulikuwa tumevaa sweta. Lakini hata ingekuwa Lodwar mwezi wa Februari, maelezo hayo yangekuwa na kasoro. Tabaka la chini la manyoya ya mbwa wa aina hii huzuia joto lisiingie kama linavyozuia lisitoke, na la juu huikinga ngozi na jua na mvua. Dawa ya joto ni kulichana la chini lipungue, si kuyafyeka yote. Tena yakinyolewa hayaoti sawasawa: la chini huwahi, la juu hukawia, na kwa miezi kadhaa mbwa huwa na viraka kama zulia lililoliwa na nondo. Shaba alikaa hivyo hadi Oktoba. Watoto wa jirani walimuuliza mlinzi wetu kama mbwa wetu ana ukurutu.

Kuhusu damu, jibu lilikuwa kwamba “alisumbua”. Huenda alisumbua kweli. Kucha za Shaba ni nyeusi, na katika ukucha mweusi huwezi kuiona nyama hai ya ndani yenye mshipa na neva, kama unavyoiona katika ukucha mweupe; fundi mwangalifu hukata kidogokidogo, anatazama sehemu iliyokatwa, na akiona kitone cheusi katikati husimama. Anayekata kwa mkato mmoja anabahatisha. Kukosea kwenyewe naweza kusamehe, maana hata madaktari hukosea, na ndiyo maana huweka karibu unga wa kuzuia damu, au hata wanga wa mahindi ule wa kukolezea mchuzi, wakaugandamiza kwenye ukucha mara moja. Hapa hapakuwa na unga wala simu ya kunijulisha. Mbwa alikuwa ametiwa kizimbani akitoka damu, ikaendelea kazi ya mbwa wa nane.

Nilimpeleka nyumbani, nikamsafisha, nikadhani yamekwisha.

Jumamosi ilikuwa somo la sita. Mwalimu alitupanga mstari tuonyeshe yote tuliyojifunza, na ilipofika zamu yetu Shaba aliketi, alilala, alitulia nikiwa nimempa kisogo, alikuja nilipomwita. Kisha nikasema “mkono”. Hakuutoa. Nikarudia, jambo ambalo tulifundishwa tusilifanye. Akageuza uso pembeni, akajilamba pua, akauvuta mguu chini ya kifua. Nami, kwa aibu ya kuwa mbele ya watu, nikainama niuchukue mwenyewe. Akanguruma. Haukuwa mngurumo mkubwa. Ulikuwa wa chini, kama gari lililo mtaa wa pili. Hajawahi kunifanyia hivyo tangu aingie kwetu.

Mwalimu hakunisogelea mimi. Alimsogelea yeye, akapiga goti upande upande bila kumkabili, akatazama mguu bila kuugusa. Akauliza ni nani aliyemkata kucha. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo tangu hapo hunijia kila nikipita mbele ya duka lile: “Baba Shaba, na kule alikuwa darasani. Amefundishwa kwamba akitoa mguu, anaumizwa. Amefaulu.”

Hapo ndipo nilipotambua nilichokuwa nimenunua katika kifurushi kile. Duka huuza mafunzo na usafi kana kwamba ni bidhaa mbili za rafu mbili, ilhali mbwa ni mmoja na mguu ni uleule. Kila mkono unaomshika unamfundisha, hata wa mtu ambaye hakukusudia kufundisha. Mzee alitumia majuma matatu kumjengea Shaba imani kwa maini na subira, na chumba cha mbele kikaibomoa kwa mkato mmoja wa mkasi, halafu vyote viwili vikatolewa risiti moja.

Mwalimu aliniongezea masomo matatu bila malipo, na nililazimika kumsihi apokee angalau gharama ya maini. Njia aliyotumia haina maajabu, ila inahitaji uvumilivu ambao sikujua kama ninao: siku ya kwanza gusa bega, toa zawadi, ondoa mkono, siku nyingine gusa kiwiko, akivuta mguu, rudi nyuma hatua mbili wala usimlaumu. Mkasi wa kucha uliwekwa sakafuni kando ya bakuli lake la chakula kwa juma zima bila kutumika, ili usiwe tena kitu kinachotokea ghafla. Na mngurumo usikemewe kamwe, alisema, kwa sababu mbwa anayekatazwa kunguruma haachi kuogopa. Anaacha tu kutoa taarifa, na siku moja ataruka moja kwa moja kwenye kuuma.

Meneja wa duka, kwa haki yake, alinisikiliza. Mwanzoni alitoa lile jibu la “mbwa wengine ni wakali”, lakini nilipomwonyesha picha ya mguu na karatasi niliyotia sahihi alikubali kwamba kunyoa hakukuagizwa. Nilimwomba osho la tatu nilihudhurie nikiwa ndani. Alikataa, akisema mbwa hutapatapa zaidi akimwona mwenye wake, na katika hilo si mwongo. Wapo mbwa ambao hutulia mara tu bwana wao akitoka. Lakini kioo cha kutazamia kutoka upande wa duka kingetosha, na kioo kilichopo kimebandikwa picha kubwa ya mbwa anayetabasamu ndani ya povu.

Tulikuwa tukijadiliana hivyo, mimi na yeye tumesimama mlangoni mwa chumba hicho, nilipoiona rafuni chupa niliyoitambua kutoka shambani kwa baba yangu: amitraz ya asilimia 12.5, ile ya kuogeshea ng’ombe. Nikauliza ni ya nini. Kijana akasema ni ya kupe, na kwamba hutia vifuniko viwili katika ndoo, au vitatu kupe wakiwa wengi. Kupe si mzaha katika nchi hii. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta ugonjwa wa damu unaomkondesha mbwa akafa, na amitraz yenyewe hutumika kwa mbwa, ila kwa kipimo chake na kwa maelekezo ya daktari. Ikizidi, mapigo ya moyo hupungua, mbwa anasinzia, analegea, na mwenye mbwa anadhani amechoka kwa kuoga. Kupima kwa kifuniko ni kucheza pata potea. Daktari wa mifugo ni lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kijana mwenye ndoo na chupa haulizwi chochote na yeyote. Nilimwambia meneja anirudishie fedha za osho la tatu. Alinitumia Sh 3,000 kwa simu kabla sijatoka jengoni, akaniongezea chupa ya shampuu ya mbwa, nami sikuona sababu ya kuikataa, maana ngozi ya mbwa haina tindikali kama yetu na sabuni ya kipande tuliyokuwa tukimsugulia nyumbani ilikuwa ikimkausha.

Basi anayeniuliza kama ampeleke darasani mbwa wake, namwambia ampeleke hata kesho, na awahi, kwa kuwa nafasi ni sita tu. Sh 12,000 ni fedha nyingi, lakini mwezi wa Juni tulimpeleka Shaba msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa wamefungwa kamba, kima wakashuka njiani hatua kumi mbele yetu, na kamba ikabaki imelegea kama herufi U. Anayeniuliza kuhusu chumba cha mbele, namwambia aulizie kwanza kama binti yule yupo zamu. Kama hayupo, arudi na mbwa wake. Kama yupo, amtajie kwa kinywa na kwa maandishi kile asichotaka kifanywe, aseme draya ishikwe kwa mkono, kucha ziachwe, dawa ya kupe isitiwe, naye akae kwenye kiti cha mbele ya kaunta hata kama wanamwambia akatembee. Kupe wa Shaba sasa tunawamaliza kwa kidonge cha kutafuna alichotuandikia daktari.

Kucha namkata mwenyewe, au kusema kweli nazisugua kwa tupa ndogo, ukucha mmoja kila jioni baada ya taarifa ya habari. Ana kucha kumi na nane, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua jioni kumi na nane, na mguu wa mbele wa kulia huwa wa mwisho. Nikisema “mkono”, hunipa wa kushoto. Nikiendelea kungoja bila kusema neno, hulitazama bakuli la maini, kisha hutazama mlango, ndipo anauinua wa kulia, nusu ya njia, na kuuacha hewani hadi nimwekee kiganja chini yake.